Njia ya baiskeli ipimwe kwa tenga la kuku

Jua halijakolea bado, karibu na kituo cha basi cha Argentina, Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam. Kijana anakuja na baiskeli ya Phoenix nyeusi. Nyuma, juu ya keria, amefunga tenga la kuku lililotokeza pande zote mbili kupita usukani. Yuko kwenye njia ya baiskeli, haki yake kabisa. Anafika penye nguzo mbili za zege zilizosimikwa kuzuia magari yasiingie. Anashuka. Anailaza baiskeli kidogo ipite kwa ubavu, tenga linagonga, kuku wanapiga makelele. Anarudi hatua mbili, anajaribu upande wa pili. Wapi!

Wakati anahangaika, ikaja bodaboda imepiga mshikaki, abiria zaidi ya mmoja. Ikapenya kati ya nguzo zilezile bila hata kupunguza mwendo.

Kijana akaiteremsha baiskeli yake kwenye ukingo, akaingia barabarani pamoja na magari.

Hakulalamika. Ilionekana ni jambo la kila siku.

## Kwenye mchoro kila kitu kipo

Wiki kadhaa sasa jambo hili limenikaa kichwani, na kila ninapopita barabara hii naongeza swali. Mwendokasi, yale mabasi yaendayo haraka kwenye njia yake katikati ya barabara, hauhitaji utambulisho kwa mtu wa Dar. Nikumbushe tu kwamba awamu ya kwanza, kilomita 20.9 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Kariakoo, ilianza kubeba abiria Mei 2016, na mfano wake ulitoka kwa TransMilenio, mabasi ya Bogotá, Kolombia, iliyoanza Desemba 2000. Bogotá hawakujenga mabasi peke yake. Miaka hiyohiyo, chini ya meya Enrique Peñalosa, walianza kujenga mtandao wa njia za baiskeli ambao leo ni wa mamia ya kilomita.

Nasi tukafuata mpangilio ule: mabasi katikati, magari pembeni yake, kisha baiskeli na waenda kwa miguu. Mwaka 2018 Dar es Salaam ikapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, jiji la kwanza la Afrika kuipata. Na wapo watu wa UWABA, Umoja wa Waendesha Baiskeli, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakipiga pedeli kwa misafara kudai njia salama katika jiji hili. Kwa hiyo sikubali hata kidogo hoja kwamba baiskeli si mambo yetu, au kwamba fikra hii imeletwa na wageni.

Njia ipo. Ninachouliza ni kwamba, walipokuwa wanaipima, walikuwa wanamfikiria nani?

## Mwenye baiskeli

Mwendesha baiskeli wa kwenye michoro ya wahandisi ni mtu mwembamba mwenye kofia ngumu na begi mgongoni. Usukani wake una upana wa kama sentimita 60 hivi. Ukimwongezea nafasi ya kuyumba, anatosha kwenye mita moja. Ukimpa mita mbili, mwenzake anaweza hata kumpita.

Sasa simama Magomeni Mapipa alfajiri uangalie wanaopita kweli. Kuna wa mikate, sanduku lake la mbao limezidi mabega. Kuna wa ndizi wanaotoka Mahakama ya Ndizi, Mabibo, mikungu inaning'inia kushoto na kulia. Wapo wa samaki wanaorudi kutoka soko la Feri, maji ya barafu yanatiririka kwenye tairi la nyuma. Wa madumu ya maji, wa mkaa, wa kahawa. Na wa mayai, ambao mimi ndio huwatazama kwa roho mkononi. Trei moja ni mayai 30, naye anapanga trei moja juu ya nyingine mpaka mzigo unafika kisogoni, kisha anaufunga kwa mpira wa tyubu.

Kwa mtu huyu kila kiungo cha zege ni hesabu ya fedha. Nilimsimamisha mmoja, mtu mzima, nikamwamkia, nikamuuliza kwa nini anaiacha njia ya baiskeli na kupita barabarani kwenye magari. Akanionyesha kwa kidole cha mguu pale mfuniko wa mtaro ulipopishana na njia, mmoja umepanda juu kuliko mwingine kwa unene wa vidole viwili.

"Mwanangu, hapa nikipita, trei ya chini inapasuka. Kule kwenye lami gari linaweza kunigonga. Linaweza, si lazima. Hapa yai linapasuka, hakuna linaweza."

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi. Huyu ni mtu anayepiga hesabu yake vizuri kabisa, na hesabu inampeleka kwenye magari. Mhandisi anayemwita mkaidi hajaiona njia kutoka kwenye tandiko la baiskeli.

## Nguzo haziwezi kuchagua

Nilikuwa na jibu jepesi kichwani, na nadhani wengi wanalo. Tuweke nguzo nyingi zaidi, zikaribiane, bodaboda zisipenye. Basi.

Nikaenda na futi hadi soko la kuku Shekilango. Wenyewe hawakunishangaa sana; mmoja alinishikia ncha ya futi. Matenga yanatofautiana, lakini makubwa yanafika mita moja na kuzidi. Halafu nikapima pikipiki zilizokuwa zimeegeshwa hapo nje, usukani kwa usukani. Karibu sentimita 80.

Nilisimama pale nikiangalia zile namba mbili.

Tenga ni pana kuliko pikipiki. Maana yake hakuna nafasi unayoweza kuiacha kati ya nguzo mbili ikampitisha mwenye kuku na kumzuia bodaboda. Ukibana, unamtoa yule uliyemjengea njia. Ukilegeza, unamkaribisha uliyemkataza. Mshindi wa nguzo siku zote ni pikipiki.

Katika miji mingi nguzo hufanya kazi kwa sababu adui ni gari, na gari lina upana usiopungua mita moja na nusu. Kwetu anayeingia njiani ni pikipiki, na nguzo ikawa inamchuja mtu asiyestahili kuchujwa. Kuzuia gari, nguzo moja katikati ya njia ya mita tatu inatosha, ikiacha karibu mita moja na nusu kila upande. Ile ya pili na ya tatu zinamtesa mwenye tenga bure.

Hapo nilikwama. Kama nguzo hazisaidii, polisi je? Polisi hawezi kusimama kila kona kuanzia Kimara mpaka Kivukoni, na akisimama, tunajua wote akiondoka mambo yanakuwaje.

## Kijiweni

Kilichonikwamua kilitoka kwa bodaboda wenyewe.

Nilikaa kwenye kijiwe chao kimoja Manzese, chini ya mwavuli wa mtandao wa simu, nikauliza bila kulaumu: jamani, kwa nini mnapita kwenye njia ya baiskeli? Nilitegemea waseme foleni. Wachache walisema foleni. Mmoja akasimama, akanishika bega, akanielekeza ng'ambo.

"Broo, unaona lile duka la rangi? Abiria anataka pale. Kwa macho ni hapo tu. Nikifuata barabara niende mpaka kwenye mataa, nisubiri, nigeuze, nirudi. Mafuta yangu hayo, na yeye anataka kulipa buku. Sasa napita huku pembeni kinyume mpaka penye upenyo, navuka, nimemaliza."

Wenzake wakaitikia. Mwingine akaongeza kwamba hata wenye baiskeli wanafanya hivyohivyo, na ni kweli, nimewaona.

Hebu tulitazame hilo. Njia ya mwendokasi imekaa katikati ya barabara na kingo zake, na lazima iwe hivyo, bila kingo basi halina mwendokasi. Lakini ukingo ule umeikata Manzese vipande viwili. Tandale upande mmoja, Mabibo upande mwingine, na katikati ni mto wa magari na mabasi wenye vivuko vya mbalimbali. Mitaa iliyokuwa inatazamana haitazamani tena. Biashara, jamaa na misiba viko pande zote mbili. Watu watavuka tu. Wasipopewa pa kuvukia watapita pembeni, kinyume, mpaka wapate upenyo, na pembeni ndipo ilipo njia ya baiskeli.

Kwa hiyo ninayemwona kama mvamizi wa njia ya baiskeli, kwa sehemu kubwa, ni mtu aliyekosa kivuko.

Hapa ndipo mawazo yangu yalipogeuka. Ulinzi wa njia ya baiskeli unaanza nje ya njia ya baiskeli. Ungeongeza sehemu za kugeuzia na vivuko vyenye taa, ukawapa bodaboda vijiwe vilivyochorwa rasmi kwenye midomo ya mitaa badala ya juu ya njia yenyewe, ungekuwa umeondoa sababu kubwa ya wao kuingia humo. Watabaki wachache wa ubishi. Wachache unaweza kuwaadhibu. Mtaa mzima huwezi.

## Upana, na mtu anayekuja kinyume

Wenye baiskeli nao wanakwenda kinyume kwa sababu ileile. Wahandisi wengi hupendelea njia ya upande mmoja, kila mtu afuate mkondo wa magari, na wana sababu nzuri: dereva anayetoka mtaani kuingia barabara kuu anageuza shingo kulia, maana magari yanatoka kulia. Baiskeli inayokuja kutoka kushoto dereva haioni mpaka imefika kwenye boneti.

Nililiwaza sana hilo, kwa sababu ni hatari ya kweli. Lakini kwenye barabara ngumu kuvuka kama hii, kuandika "upande mmoja" kwenye mchoro hakumzuii mtu wa ndizi kwenda kinyume mita 300 badala ya kuzunguka kilomita. Sevilla, Hispania, kuanzia 2006 walijenga karibu kilomita 80 katika miaka michache tu, nyingi zikiwa za kwenda na kurudi kwenye upande mmoja wa barabara, zimetengwa na magari, zimeungana. Baiskeli zilikuwa hazionekani mjini kwao, zikaonekana.

Mimi nachagua njia ya kwenda na kurudi, pande zote mbili za barabara, isiyopungua mita tatu. Tenga na tenga zikutane, kila moja mita na kitu, bado kuna nafasi ya kuyumba. Ndiyo, ni ardhi nyingi. Njia ya magari pembeni ya mwendokasi ingepunguzwa upana ili ipatikane, na magari yakipunguza mwendo kwa kubanwa huko, faida. Kisheria mwendo wa maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa. Shirika la Afya Duniani linasema mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa asilimia 4. Sijui dereva gani wa Dar angeweza kuisikia namba hiyo akabaki vilevile.

## Mdomo wa mtaa

Watu wakisikia "njia iliyolindwa" wanafikiria ukingo mrefu wa zege kati ya baiskeli na magari. Ukingo ni sehemu rahisi. Kati ya mtaa na mtaa hakuna anayekugonga kirahisi. Mtu anagongwa mdomoni, pale mtaa unapoingia barabara kuu, na ukingo hapo umekatika.

Tembea kutoka Urafiki hadi Mwembechai uhesabu midomo hiyo. Nyingi zimechongwa kwa kona pana ya mviringo, ili gari likate kushoto bila kushika breki. Njia ya baiskeli ikifika hapo inashuka, inapotea kwenye lami, inaibuka ng'ambo. Dereva anaona lami yake imeendelea. Mwenye mayai ndiye anayeshuka, anayeangalia, anayeomba njia, kisha anapanda tena, na kila kushuka na kupanda ni trei ya chini.

Ningeligeuza hilo. Njia ya baiskeli isishuke. Ibaki kwenye kimo chake, rangi ileile, bapa, kutoka upande huu wa mtaa hadi ule, na gari ndilo lipande mteremko mfupi kama tuta, livuke, lishuke. Gari lina springi. Trei haina.

Kisha kona ibanwe. Kona ikiwa kali, hakuna anayeikata kwa kasi hata akiwa na haraka kiasi gani. Na pale ambapo ardhi inaruhusu, njia irudi nyuma kama mita tano kutoka ukingo wa barabara kuu, urefu wa gari dogo. Gari likishakata kona, linasimama katika nafasi ile, limeshatoka kwenye foleni, hakuna anayelipigia honi, dereva ameshanyooka na anamwona mwenye baiskeli mbele ya kioo badala ya kumtafuta kwenye kioo cha pembeni.

Nilipomweleza rafiki yangu mmoja fundi wa barabara, akaniuliza swali moja tu: na Fuso?

Swali la haki. Maduka ya jumla Manzese yanaletewa mzigo na Fuso na hata matela, na lori haliwezi kukata kona ya gari dogo. Ukiibana kona bila kufikiria lori, litapanda juu ya njia ya baiskeli na kuvunja kila kitu mwezi wa kwanza. Dawa yake ipo: sehemu ya ndani ya kona ijengwe kwa mawe magumu yaliyoinuka kidogo, yenye kukwaruza. Tairi la lori linapanda juu yake bila taabu. Mwenye gari dogo anaikwepa kwa kuwa inamtingisha.

Zile mita tano ndizo zinazonisumbua. Sehemu nyingi za Manzese kibaraza cha duka kimefika karibu kabisa na njia, na sitaki mtu abomolewe duka ili mchoro wangu utimie. Huko itabidi tubaki na tuta na kona kali tu, na tukubali kwamba pamelindwa nusu.

## Kivuli

Kuhusu wenye meza za biashara juu ya njia sitasema mengi. Mwaka 2021 machinga waliondolewa kwenye barabara nyingi za jiji, na anayepita leo anaona wamerudi wapi. Mteja yuko kwenye njia, na biashara inamfuata mteja. Kinachonishangaza ni kwamba meza huanza pale penye mti. Barabara nzima haina kivuli, mwarobaini mmoja ukisimama peke yake unakuwa soko. Ningepanda miti mfululizo kwenye ukanda kati ya baiskeli na waenda kwa miguu, na kuuacha ukanda huohuo uwe na upana wa meza, kihalali, meza zikitazama upande wa watembeao. Mchana wa Februari hakuna anayepiga pedeli juani na mkungu wa ndizi kwa hiari yake.

Na kwenye bonde la Jangwani, mafuriko yakipita, lami ya magari husafishwa kwanza. Tope la njia ya baiskeli hukaukia palepale. Njia isiyo na ratiba ya kufagiliwa imejengwa nusu.

## Sekunde

Liko jambo jingine ambalo halionekani kwenye zege kabisa, nalo ni muda wa taa. Mtu mwenye mzigo hafiki kilomita 10 kwa saa anapoanza kuondoka. Hata tumpe hizo 10, ni chini ya mita tatu kwa sekunde. Kuvuka barabara yenye njia za magari pande zote na mabasi katikati, tuseme mita 40, anahitaji sekunde 14, na ongeza za kuinuka, kusukuma, kupanda, kupata mizania. Ziwe 20. Taa ya kijani ikiwa fupi kuliko hapo, inamkuta kwenye njia ya basi la mwendokasi, na basi lile halina pa kukwepea.

Kubadilisha muda wa taa hakuhitaji hata mfuko mmoja wa saruji. Kazi hiyo inaweza kufanyika wiki hii, ikifuatiwa na kusawazisha mifuniko ya mitaro, kisha kung'oa nguzo za ziada.

Midomo ya mitaa nisingeimwagia zege haraka. Mwaka 2020, wakati wa korona, Bogotá waliongeza makumi ya kilomita za baiskeli kwa kuweka koni tu kwenye njia za magari, wakatazama watu wanavyozitumia, na baadhi zikaja kujengwa za kudumu. Nasi tungeanza na mdomo mmoja, upande wa Tandale, kwa vipande vya zege vinavyohamishika na rangi. Tuviache mpaka masika yapite. Tukae hapo asubuhi na watu wa kuku, wa mayai na wa Fuso, futi mkononi, tusogeze vipande mpaka kila mmoja apite, kisha ndipo aitwe mchoraji.